Mfupa Ulionitemesha Ugali wa Malaba

Ni mfupa, Wandera! Mfupa wa shingo yangu mwenyewe, umeota kwa mbele kama mdomo wa jogoo ukanibana koo. Si sumu, si uchawi, si maringo. Mfupa! Nimeuona kwa macho yangu kwenye picha ya eksirei.

Haya, sasa nikusalimu: mulembe, mwanangu. U mzima huko Juba na lori lako? Sisi hapa Mundika tupo, ila mimi nina hasira ya kuchemsha maharagwe bila kuni. Nakuandikia kwa sababu kwa simu sauti hainitoki. Ulipopiga mara ya mwisho nilinong'ona, nawe ukasema, "Mama, kama huna kosa, mbona huongei?" Ukakata. Umenikatia simu mimi, Wandera! Mimi!

Umesahau sauti hii ilivyokuwa? Soko zima la Bumala lilinijua. Nikisema "Ndizi tamu hapa!" abiria walikuwa wanatoa mikono dirishani kabla basi halijasimama. Siku ile ulipopotea kwenye mitumba Busia mjini, wenye vibanda walitaka twende polisi. Mimi nilipanda juu ya gunia la mtu nikaita jina lako mara moja tu. Ukatokea chini ya meza, umevaa kiatu cha mtu mzima, ukasema, "Mama, punguza, watu wanatuangalia." Tulicheka hadi nyumbani. Wewe ndiye uliyeniita redio isiyotaka betri.

Redio hiyo ikaanza kukwaruza. Mwalimu wa kwaya akampa mtu mwingine wimbo wangu, akaniambia niombe msamaha kama kuna mtu nimemkosea. Nimkosee nani? Kwenye zahanati wakanipa vidonge vya asidi, eti nimeze, na shida yangu ni kumeza! Ugali ukawa unasimama hapa kooni kama malori yenu kwenye foleni ya Malaba. Sikukuambia, maana siku yako ya ukweni, kwa kina Amoit huko Malaba, ilikuwa karibu, na gauni nilikuwa nimeshashona.

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana hukuwahi kunipa nafasi ya kueleza. Wewe ulikuwa uani na vijana. Ndani wakatuletea kuku na ugali wa wimbi na muhogo, wazee wote wamekaa. Tonge la kwanza likakwama. Machozi yakanitoka. Nikalitema polepole kwenye hanchifu, nikakunja, nikatia mkobani. Ningetema wapi? Mezani, mbele ya babake Amoit? Shangazi yake Amoit akaniona.

"Mama Wandera, chakula chetu unakipeleka wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa sauti ya Bumala. Ikatoka hewa. Nikamwinamia shangazi yako Nabwire nimnong'oneze anisemee, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana yule shangazi yake Amoit alipaza sauti.

"Mnaona? Sasa wananong'onezana! Anapeleka kwa mganga!"

Mimi! Mama aliyebatizwa, mwenye gauni jipya, nimefanywa mchawi kwa ajili ya tonge moja! Nawe ukaingia mbio ukakuta kelele. Ulitazama mkoba wangu, Wandera. Hukunitazama mimi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mfupa wenyewe.

Unajua nani alinitazama? Amoit. Alikuja peke yake, kwao hawajui, akakaa jikoni kwangu. "Mama, niambie mimi tu. Mlikiogopa chakula chetu?" Sikuhangaika na maneno. Nilichukua ndizi mbivu, ndizi yangu mwenyewe, nikaiuma mbele yake. Akaona inavyokwama, nikinyoosha shingo kama kuku anayekunywa maji. Akanishika mgongo mpaka nikatulia. "Mama, huu si woga, huu ni ugonjwa. Kesho tunaenda hospitali." Msichana huyo! Ni wewe uliyemchagua, lakini akili ya kuchagua umeitoa kwangu.

Daktari aliweka picha kwenye taa. Alisema mifupa ya shingo ya mtu mzima wakati mwingine huota vipande vya ziada, na vyangu vimeota kwa mbele, vinasukuma njia ya chakula na kuisumbua sauti. Si saratani. Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo bila kumwambia mtu. Nile vyakula laini, tonge dogo, nikimeza nishushe kidevu, halafu wataalamu wataona kama mfupa utahitaji kuchongwa. Nikamnong'oneza, "Sauti yangu itarudi?" Akasema, "Mama, tutajaribu. Sitakudanganya." Kwa hilo nilimpenda.

Amoit aliipeleka picha kwao Malaba. Anasema shangazi yake aliishika mlangoni kwenye jua, akaigeuza juu chini. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anasongwa, na mimi nampigia kelele." Bado nina hasira naye, asidhani imeisha. Lakini ameomba aje hapa kwangu na unga wake, ugali ausonge yeye, laini kama uji, tule sahani moja, yeye na mimi, mbele ya watu wote. Nimekubali. Nitakula polepole, kidevu chini, hata kama wenzangu watamaliza kuku wakiningoja.

Nawe uje. Mpigie Amoit kwanza, umshukuru, kisha upande gari. Ukifika usinieleze chochote, kaa tu karibu yangu. Nikiwa na la kusema nitakunong'oneza wewe, nawe uwaambie kwa sauti, ile uliyoirithi kwangu. Sasa ni zamu yako kuwa redio.

Watu wa kwao wote, shangazi, wazee na Amoit, wanafika hapa Mundika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu.

Mimi mama yako,
nakungoja Jumamosi hiyo.