Paspoti ya Mzee Parminder

Jumatatu, 27 Oktoba 2025
Mzee Parminder amenipa saa yake ya mkononi. Eti imekuwa nzito! Mwaka wa tatu huu namtunza ughaibuni hapa Ilford, na hana kitu anachokipenda kama saa ile—aliinunua Nakuru kwa mshahara wake wa kwanza wa useremala. Mtu anayerudi hagawi saa.

Anataka kwenda Nankana, kule Pakistan, alikozaliwa Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao ya Makalasinga. Kijiji chao kilikuwa karibu na hapo. Walikimbia mwaka 1947 nchi ilipogawanywa, yeye ana miaka saba. Jumapili mahujaji wa gurudwara, hekalu lao, wanaondoka. Viza anayo, tiketi anayo. Daktari kasema moyo wake hautaistahimili ndege. Mzee akamshukuru daktari, kisha akanituma nikapige pasi kilemba cheupe.

Jumatano, 29 Oktoba
Manjeet, bintiye, amenivuta jikoni, macho mekundu. Akanipa paspoti ya baba yake nikaifiche. Nisimwambie hata yeye ilipo—baba akimuuliza, hawezi kumdanganya. Mimi naweza, siyo?

Nimeificha ghorofani, kwenye chumba cha Kitabu chao kitakatifu. Wao hukiita Guru, na hawatanii: alfajiri Manjeet hukifungua, jioni hukilaza na kukifunika kama mfalme. Nikavua viatu, nikajitanda mtandio, nikaisukuma chini ya mto wa Kitabu. Nani atagusa pale? Na mzee hajapanda ngazi tangu Machi.

Ijumaa, 31 Oktoba
Ametafuta kutwa. Droo zote. Hata kwenye kopo la unga wa chapati. Hakugomba—afadhali angegomba. Miguu imevimba.

Jioni akasali. Sala ile nimeizoea, leo nikamwomba anifasirie. Akasema Makalasinga wote, kila siku, huomba wajaliwe kuzuru Nankana na mahali pengine patakatifu walipotenganishwa napo. Kila siku? Kila siku, tangu mpaka ulipochorwa.

Nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumapili, 2 Novemba
Mungu wangu.

Nimefika saa nne, Manjeet yuko kazini. Kitanda kitupu. Nimemkuta ghorofani mbele ya Kitabu, magoti yamechubuka—amepanda kwa kutambaa! Kumbe kabla ya sikukuu ya Guru Nanak nguo zote za Kitabu na foronya hubadilishwa, na kazi hiyo ni ya mzee miaka yote. Ningejuaje mie? Paspoti iko mkononi. Analia huku anacheka.

"Miaka sabini na minane naomba," akasema. "Leo Guru mwenyewe amenipa ruhusa."

Nikamshusha ngazi moja moja. Anapumua kama aliyekimbizwa. Tulipofika chini akanishika mkono.

"Dinah, binti yangu. Kuna mtu aliiweka pale?"

Nikasema ngoja nichemshe chai.

Ndiyo niko jikoni, naandika. Birika halijawashwa. Nikisema ni mimi, nimemnyang'anya jibu alilolingoja maisha yake yote. Nikinyamaza atafia njiani, naye ataamini ameitwa. Manjeet hashiki simu, nimepiga mara nne. Naogopa, jamani.

Teksi ya kwenda uwanja wa ndege imefika. Mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu mlangoni, amefunga kilemba cheupe. Bila mimi kumsukuma hawezi kuvuka kizingiti. Ananiita kwa upole, kama anavyoomba chumvi.

Koti lake zito la safari liko magotini mwangu. Sijui nililichukua saa ngapi.