Hapa jam satu ni saa moja

Mdogo wangu Zuhura,

Natumaini kikohozi kimekuacha na mvua ya Wete imepungua. Hapa Ng'ambo, kwa mwanangu Salim, nimemkuta Bi Siti, mama wa mkewe, aliyetoka Indonesia na kupanga chumba hotelini Mji Mkongwe. Salim alitaka simu itutafsirie. Nilikataa, mgeni wangu nitamkaribisha kwa mdomo wangu. Mkewe akanifundisha kuhesabu kwa lugha yao, satu hadi sepuluh, yaani moja hadi kumi, mpaka nikatamka sawasawa.

Jana nilimwalika chakula cha usiku, jam satu, yaani saa moja. Aliyashika maneno hayo mawili tu, akaja saa saba mchana, amevaa hariri, nami ningali nachagua mchele. Kwao saa huanza kuhesabiwa usiku wa manane na tena adhuhuri, hivyo jam satu ya mchana ni saa saba yetu.

"Mama, mwambie jam tujuh, saba," Salim akanisihi. "Ndivyo wanavyohesabu."

"Kwao. Hapa jua likizama tunaanza moja."

Mkewe alipomweleza, Bi Siti alicheka, akakaa mkekani na hariri yake, tukachagua mchele pamoja.

Leo nimemwalika tena, jam satu. Baada ya magharibi akabisha hodi, na Salim hakuwa na la kutafsiri.

Mola akulinde, na dawa usiache.

Dada yako,
Asha