Swali Ulilonituma Ghana

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Nimeandika salamu hiyo kisha nikaiweka kalamu chini, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike hapa Ngana, nyuma ya migomba yako, na sijawahi kukaa kaburini kwako zaidi ya dakika chache. Watu hudhani ni uchungu. Ni aibu, mama mdogo.

Ulinichukua nikiwa na miaka sita, mama alipofariki. Ulinilea pamoja na binti yako Bupe, na hata kipande cha samaki hukukata kwa upendeleo. Asubuhi kabla ya shule tulikufuata kwenye masanduku ya kuvundikia kokoa, yale ya mbao uliyoyapandisha juu ya matofali ili maji yachuruzike. Ulikuwa ukifunua majani ya migomba, mvuke unatoka na ile harufu ya siki, unakunja mkono wa gauni na kuzamisha kiwiko katikati ya punje. Ulituambia joto la kokoa hupimwa kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, kwa kiwiko, maana kiganja cha mkulima kimeshakufa ganzi. Hakuna bwana shamba aliyekufundisha hayo. Ulijaribu, ukaharibu, ukajaribu tena, miaka na miaka, mpaka wanunuzi wakija ghalani wanachota kokoa yako na kuwaonyesha wengine namna inavyotakiwa.

Ndiyo maana barua ya mwaliko ilipofika hakukuwa na ubishi. Wakulima wa kokoa wa Ghana walitaka mkulima mmoja kutoka kikundi chetu akakae nao wiki mbili, awaonyeshe anavyofanya na aone wanavyofanya. Kikundi kizima kilinyoosha mikono kwa ajili yako. Ulijifunika uso kwa kitenge ukacheka. Mimi nilikuwa katibu, na kazi ya kufuatilia pasipoti yako nikapewa mimi.

Hukuwa na cheti cha kuzaliwa, ulikuwa na kadi ya ubatizo tu. Hilo lilikuwa na njia yake: barua ya mtendaji wa kata, kiapo, safari ya Mbeya. Ulinipa kadi ukiwa umeifunga kwenye nailoni isilowe. Niliiweka kwenye droo nikisema nitakwenda wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika nikaisoma tena ile barua, nikajiona mimi ndani ya ndege, mimi mtu wa kidato cha nne ambaye sikuwahi kuipita Mbeya. Hakuna aliyenishawishi. Nilikuja kwako nikakuambia watu wa Ghana wamekataa, wanataka mtu anayejua Kiingereza. Barua ilisema wazi kwamba mkalimani atakuwepo. Ilikuwa mfukoni mwangu nikiongea nawe.

Uliendelea kuchambua mchele. Kisha ukasema, "Basi nenda wewe, mwanangu. Ila nina kitu cha kukutuma."

Ulinieleza taratibu. Msimu wa mvua kubwa kokoa yako ilikuwa inaota ukungu, hata sanduku likiwa na joto zuri. Punje kwa nje safi, ukiikata katikati unakuta ukungu. Jambo hilo lilikuwa limekuhangaisha kuliko jingine lolote shambani. Ulitaka niwaulize wenzetu wa kule wao wanafanyaje. Ukanikaririsha swali hilo mara tatu, kama mtoto anayetumwa dukani.

Nilikwenda. Nilifikia kwa Mama Abena, mkulima wa rika lako, mcheshi, mwenye shamba la kokoa kubwa kuliko kitongoji chetu. Siku ya tatu walikusanyika wakulima kama arobaini wakaniomba nieleze jinsi tunavyovundika huku kwetu. Nikaeleza matofali. Nikaeleza majani, siku za kugeuza, na kiwiko. Kwenye kiwiko walisogea karibu, wengine wakaandika. Mama Abena akamwambia mkalimani aniulize ni nani aliyenifundisha.

Kulitaja jina lako kungenichukua pumzi moja. Nikajibu kwamba niligundua mwenyewe, shambani kwangu.

Walipiga makofi. Walinipiga picha nimeshika punje mkononi. Na kuanzia hapo sikuweza tena kuuliza swali lako, kwa sababu bingwa niliyekwisha kujifanya kuwa asingeuliza kitu kama hicho. Kila jioni nilijiambia nitauliza kesho. Siku ya kuondoka Mama Abena alinikumbatia na kunifungia kitambaa cha kwao, nami nikapanda gari sijauliza.

Uliponipokea ulikuwa umepika mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na samaki. Ulingoja nile, ninawe mikono, niwape watu habari za ndege. Wote walipokwisha kutawanyika ndipo ukaniuliza, "Uliniulizia?"

Nikasema ndiyo. Nikasema wao msimu wa mvua huiacha sandukuni siku mbili zaidi. Mpaka leo sijui maneno yale yalitoka wapi. Uliyarudia kwa sauti ya chini ili usiyasahau, kisha ukasema, "Ndaga, mwanangu," ile asante yetu ambayo hukuwa ukiitoa ovyo.

Masika yalipofika uliongeza siku mbili kwenye masanduku yote matatu. Hukujaribu kwanza na moja, wewe uliyekuwa unajaribu kila kitu, kwa sababu neno lilitoka kwangu. Ulipofunua, kokoa ilikuwa nyeusi na inanuka uozo. Ulianika hivyo hivyo, jua likitoka na kujificha, ukaipeleka ghalani pamoja na baba mdogo. Mnunuzi alikata punje tano, akatikisa kichwa, akawaambia mzibebe mrudi nazo. Hapo palikuwa na kina mama wote uliowafundisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari la katibu mkononi nilipokusikia ukiwaambia kwamba ulikosea kuhesabu siku.

Ningeweza kusema hapo. Nilifungua daftari nikajifanya natafuta jina la mtu.

Hukulitilia shaka neno langu, ulijitilia shaka wewe. Baada ya siku ile ulianza kuchora mistari ya mkaa ubavuni mwa kila sanduku, mstari mmoja kila asubuhi. Zamani ulihesabu kichwani masanduku matatu kwa pamoja huku ukiimba. Sasa ulikuwa unasimama mbele ya ile mistari ukiigusa mmoja mmoja kwa kidole, unarudia, unamwita Bupe ahakikishe. Nililiona hilo mwezi baada ya mwezi. Kisha ukaugua, na mimi ndiye niliyekushika mkono kwenye gari la kwenda hospitali, na hata humo sikusema.

Mwaka huu, mama mdogo, Mama Abena alikuja. Ilikuwa zamu yao kututembelea, naye alitaka kuona masanduku yangu. Sikuwa na masanduku. Nikampeleka shambani kwako. Bupe na kina mama walikuwa wamekaa kwenye lundo la kokoa wakipasua maganda kwa panga. Sijui ni nini kilinisukuma. Labda ni kuona jinsi Bupe anavyokaa kama wewe, mguu mmoja umenyooshwa. Nilimwuliza Mama Abena swali lako mbele ya watu wote, neno kwa neno kama ulivyonikaririsha.

Hakufikiri hata kidogo. Alichukua ganda lililopasuliwa, akachokonoa punje moja na kutuonyesha mkwaruzo mdogo wa panga. Akasema kupitia kwa mkalimani kwamba panga huijeruhi punje, na ukungu huingilia kwenye kidonda. Wakati wa jua punje hukauka upesi, wakati wa mvua huchelewa kukauka, na ukungu unawahi. Akaokota kipande cha mti, akaligonga ganda jingine mara mbili, likafunguka. Punje zilitoka nzima.

Miaka yako yote ya kuhangaika ilihitaji kipande cha mti, na mimi nilikuwa nimelala wiki mbili nyumba moja na mtu aliyejua.

Hapo nikasema yote. Kadi ya ubatizo, barua, kiwiko, zile siku mbili. Mkalimani aliacha kutafsiri katikati, Mama Abena akamtaka aendelee. Alipomaliza kusikia aliuliza mwenye kiwiko yuko wapi. Bupe akamwonyesha kwa mkono, kule nyuma ya migomba. Mama Abena alikwenda huko peke yake. Nilipoinuka nimfuate, alinizuia kwa kiganja bila kugeuka.

Bupe aliliweka panga lake chini. Nilitaraji anitukane. Akasema tu, "Kwa hiyo mama hakukosea kuhesabu."

Nikamwambia hakukosea.

"Alikufa anadhani amekosea."

Akaokota kile kipande cha mti akaendelea na lundo lake. Hajanifukuza. Nikienda kwake ananipa kiti na maji, lakini hajaniita kaka tangu siku hiyo. Kikundi kimechagua katibu mwingine na sikulalamika. Mama Abena alipoondoka aliniaga kwa heshima, kama anavyoagwa mtu usiyemjua.

Sikuombi msamaha, mama mdogo. Nakujua, ungenipa kabla sijamaliza sentensi, kisha ungeniuliza kama nimekula. Nakuandikia kwa ajili ya jambo moja nililopaswa kulisema ghalani, watu wote wakisikia, nawe ukiwa umesimama na magunia yako. Leo nimelisema, nimechelewa. Siku zako zilikuwa sahihi. Hesabu yako ilikuwa sahihi tangu mwanzo, na ile mistari ya mkaa hukuihitaji hata mmoja.

Pumzika kwa amani.

Mwanao uliyemlea,
Gwakisa