Gari Lenye Kitanda cha Obedi

Mabatini, Mwanza
Jumanne asubuhi

Kwa kaka yangu mpendwa Mayala,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa palizi umekuachia. Wifi yangu Dorcas hajambo? Mpunga umeiva, au ndege wamewatangulia? Huku kwetu sisi wazima wa kusemeka. Mimi dada yako presha inapanda na kushuka itakavyo, lakini ngazi za mawe za hapa kwangu bado nazipanda na ndoo kichwani, na wanawake wadogo kwangu wananipisha.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu ipo. Simu yako, kaka, unaiweka sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, na mimi ukinikatiza kidogo tu nasahau nilipofika. Haya ya leo lazima yafike mwisho. Nimemwambia Evelina muuza dagaa akuwekee mkononi mwako, si mkono mwingine. Soma mwenyewe, usiwape vijana wakusomee. Na usisimame kabla hujafika chini kwenye jina langu.

Nianze na jema. Venant wangu, yule uliyesema hatafika popote kwa kuwa aliacha shule, leo ukishuka Igoma ukauliza fundi wa bodi za magari, hata mtoto atakushika mkono akupeleke. Mwezi wa sita walipita Wazungu wawili, mume na mke, watu wazima kama sisi, wakaharibikiwa na gari pale Nyanguge. Gari lenyewe wamelitoa kwao kwa barabara, nchi baada ya nchi. Mafundi watatu walilifungua wakalishindwa. Mwanangu akalivuta mpaka Igoma, na siku ya nne likanguruma. Wale wazee wakasema wamechoka na barabara, wanarudi kwao kwa ndege, na kama Venant analitaka wako tayari kumwuzia yeye kabla ya mtu mwingine. Wakampa mwezi mzima akae nalo, afikirie na familia yake.

Kaka, ni nyumba. Nimezaliwa nikasoma mpaka darasa la saba sijaona kitu kama kile. Ndani kuna jiko la gesi, sinki lenye bomba lake, kabati, meza ya kukunja, na vitanda vya watu wanne. Paa unalisukuma kwa mkono linainuka, mtu mrefu kama wewe anasimama bila kuinama. Dirisha la ubavuni ni pana, ukiegesha kule Kirumba unakunywa chai unalitazama ziwa lote.

Si kwamba tulikurupuka. Unajua kazi ya Venant inampeleka Lamadi, Bunda, mpaka Sengerema, wiki mbili haonekani. Siku moja alirudi, mtoto wake akakimbilia ndani kumwambia mama yake kuna mgeni. Venant alikaa kwenye jiwe akashindwa kula. Ndipo akasema tulinunue, awe anakwenda na mke na mtoto, na bibi akitaka. Justa mkwe wangu akakataa kwanza, akasema yeye si konokono wa kubeba nyumba mgongoni, na nguo ataanika wapi, kwenye taa za gari? Tulicheka. Mimi ndiye niliyelitaka kuliko wote. Sikuficha. Lilikuwa linaegeshwa chini pale tambarare, na kila mpita njia nilimtembeza ndani, nikamfungulia bomba aone maji. Mtaa mzima walilijua kwa jina la gari la mama Venant, na bado hatujalinunua. Wengine walininunia. Mama mmoja wa genge aliniuliza kama hilo gari linazaa mayai, nikamjibu linazaa wivu.

Sasa, kaka, nije kwenye salamu zako.

Evelina amenifikishia. Amesema umempata yule wa pikipiki, jina lake Rahim, anaegesha stendi ya Buzuruga, na kwamba Ijumaa mnakuja watu saba. Amesema ameona mapanga yakinolewa kwenye jiwe la uani kwako. Amesema umeapa utamvunja paja la kushoto, lile lile alilovunjwa mwanao Obedi, kisha taya, kisha jicho, kwa mpangilio ule ule, na pumzi ikibaki ni bahati yake.

Najua hutanii. Nilikuwepo ule mwaka wa wizi wa ng'ombe, wewe kiongozi wa sungusungu, alipoletwa yule mtu amefungwa kwa kamba za katani. Fimbo ya kwanza ilikuwa yako. Nakumbuka ilivyolia kwenye mfupa, na nakumbuka alivyokuwa anataja majina ya watoto wake mmoja mmoja mpaka akakosa sauti. Siku ya pili ng'ombe wakapatikana kwa mtu mwingine. Ulikaa siku tatu huli. Hukumwambia mtu ila mimi dada yako, na mimi mpaka leo sijamwambia mtu. Basi leo ni zamu yangu kukuambia, na ya kwako kusikia.

Hakuna pikipiki iliyomgonga Obedi.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, jua bado kali. Obedi alikuwa ametoka machimboni Geita, miaka miwili hatujamwona, ndevu zimemjaa, kifua kimetanuka. Hakupanda kwetu kusalimia. Alifika chini akaliona gari, na ovaroli ya Venant imeanikwa kwenye kioo, na ufunguo Venant ameuacha mle mle garini alipokwenda kununua vocha. Unamjua mwanao. Yeye na Venant ni mabinamu, na binamu akichukua kitu cha binamu yake huo si wizi kwetu, ni utani, unamfuata unakomboa. Si wewe ulicheka mpaka machozi siku ya harusi alipoondoka na viatu vya bwana harusi, mpaka tukamtolea beberu? Akavaa ile ovaroli, akavuta kofia usoni, akawasha gari alifiche nyuma ya mashine ya kusaga.

Yowe likapigwa kutoka juu ya mawe. Mwizi wa gari.

Wewe unajua yowe kwetu sisi Wasukuma ni nini. Hata huku mjini tumekuja nalo. Anayelisikia asipotoka, kesho ni adui. Walitoka kaka, kila mlango. Walitoka wenye fito za mabanda, wenye nondo, muuza nyama na kisu chake. Mtu akasukuma mkokoteni katikati ya njia, gari likasimama. Obedi akafungua mlango akashuka anacheka, mikono juu.

Pigo la kwanza lilimkata paja. Nilisikia mfupa, kama kuni kavu. Alipoanguka wakamfunika. Sikumwona tena yeye, niliona migongo tu, na vitu vinapanda na kushuka. Nondo ilimpata taya. Jicho lilipigwa na kisigino cha mtu aliyevaa viatu vya kanisani, mtu ambaye kila asubuhi ananiamkia. Walikuwa hawana hasira, kaka, hilo ndilo linaloniamsha. Walikuwa wanaitana kwa majina, wanapeana nafasi. Mmoja alisema ngoja na huyu mzee naye apige.

Kisha wakasema mafuta. Wakafungua tairi la akiba lililokuwa nyuma ya lile gari, tairi jipya ambalo nilikuwa nawaonyesha wageni, wakamvisha shingoni. Mtu akakimbilia petroli.

Venant alitokea na vocha mkononi. Aliona miguu. Anasema alivitambua vidole, Obedi ana kile kidole kilichopanda juu ya mwenzake. Alipita kati yao kama ng'ombe dume, akajilaza juu ya binamu yake na tairi lake. Wakampiga naye, wakisema ni mwenzake, mpaka panga likampasua mkono wa kulia, ule wa kazi, vidole viwili havikunjiki tena. Aliyewazuia ni Justa. Alikuja amembeba mtoto, akamweka juu ya Venant, juu kabisa ya lile rundo la watu, akasema haya, anzieni hapo. Wakasimama. Wakaanza kutazamana. Dakika moja baadaye njia ilikuwa tupu, fito zimelala chini.

Bajaji zilitukataa kwa sababu ya damu. Aliyesimama ni kijana mmoja wa pikipiki aliyekuwa anapita. Alivua shati lake akamfunga Obedi kichwa, akampakia katikati, Venant nyuma amemkumbatia kwa mkono mmoja, wakaenda hospitali. Hakutaka nauli. Kesho yake alikuja wodini na machungwa. Kaka, huyo ndiye Rahim. Huyo ndiye mnayemnolea mapanga.

Na aliyemtaja ni mimi. Nesi aliuliza mgonjwa amepatwa na nini, na mimi niliogopa, nikasema pikipiki. Akauliza ipi. Ya Rahim ilikuwa imeegeshwa mlangoni, damu mpaka kwenye tangi. Nikaonyesha kwa kidole. Nilipokupigia simu wewe nilirudia yale yale, na ulipokuja kumwona mwanao alikuwa amefungwa taya kwa waya, hawezi kusema neno. Venant alinyamaza kwa ajili yangu. Ulipoondoka nilijua nimewasha moto, nikajidanganya utazima wenyewe.

Sasa unajiuliza niliogopa nini. Bado kidogo, usisimame.

Yowe nililipiga mimi. Unaijua sauti yangu, ulikuwa unasema naweza kuita mtu kutoka Magu akasikia Nyanguge. Niliona gari linaondoka, mwenye ndevu simjui yumo ndani, na gari si letu, ni dhamana ya watu. Ningeishia hapo ungenisamehe, maana ni kosa. Lakini nilishuka zile ngazi na mchi wa kinu. Watu walikuwa wamemzunguka, hakuna aliyegusa, wananisubiri mwenye yowe. Obedi akanitazama, akasema shangazi, leo mtalikomboa kwa jogoo.

Nilimsikia, kaka. Nilimjua. Mchi ulikuwa juu. Mtaa mzima unanitazama, watu wale wale niliowaringia mwezi mzima, na mama wa genge mbele kabisa. Niliona nikiushusha mkono bila kupiga nitakuwa mama Venant aliyempigia yowe mtoto wa kaka yake kwa ajili ya gari ambalo hata si lake. Aibu hiyo ilinishinda. Ilikuwa kitambo cha kupepesa jicho tu, lakini kitambo hicho nilikiona chote, sikukikosa. Nilipiga. Paja lile la kushoto ni langu mimi.

Baadaye nililia kwamba ni mwanetu, mwacheni. Hawakunisikia. Mmoja alinisogeza pembeni kwa upole, akasema mama amechanganyikiwa, mkalisheni. Ukishapiga yowe si lako tena.

Obedi anaamini sikumtambua. Siku walipomfungua waya, neno la kwanza alimwambia Venant bado nadai jogoo. Kwangu anasema shangazi usilie, ndevu ndizo zilizoniponza. Ananifuta machozi mtu niliyemvunja. Venant hajui, Justa hajui. Wewe ndiye wa kwanza.

Na gari tumelinunua. Wenyewe walituongezea muda, tukaamua wiki iliyopita. Majirani wanadhani ni kiburi changu, na zamani kingekuwa kiburi kweli. Lakini Obedi hawezi kupanda ngazi themanini za mawe mpaka kwangu, na daktari anasema pengine hataziweza tena. Mkono wa Venant hauwezi kazi peke yake, Justa amejifunza kumshikia spana, lazima wawe pamoja popote kazi ilipo. Na mimi siwezi tena kuamkiwa shikamoo na vile viatu vya kanisani. Kitanda cha chini, kile cha dirisha pana, Venant amekikata akakishusha, mtu anaingia kwa kusukumwa bila kunyanyuliwa. Hicho ni cha Obedi. Hata chai yake anaichemsha mwenyewe, jiko analifikia kwa mkono. Sijui kuacha kusifu, nisamehe, lakini mwanangu ameifanya ile kazi kwa vidole vitatu.

Sasa nakuomba. Waambie wale saba wakalale. Rahim ana mama, na huyo mama hajui kwamba mimi nipo duniani. Waambie umekosea mtu, kama ulivyokosea mara ile, safari hii ukiwa umewahi. Ukitaka paja, la kwangu lipo. Alhamisi kabla jua halijazama nitakuwa uani kwako. Gari ni jeupe lina mstari wa kijani. Venant anaendesha, Obedi amelala dirishani, anataka kumwona mama yake. Njiani kabla ya kufika nitawaambia yote, ili wasiyasikie kwanza kinywani mwako. Mchi ninao, sikuuosha. Nitaushusha mwenyewe niuweke mbele yako, na utakalosema nitalisikia nimepiga magoti. Ukishamaliza na mimi nitakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, niseme kama nilivyosema hapa.

Ukiliona linaingia, kaka, usipige yowe. Fungua kwanza ule mlango wa ubavuni umsalimie mwanao.

Msalimie wifi yangu Dorcas, mwambie Obedi anakula, na uji anaupenda mzito. Wasalimie wote wa nyumbani, na makaburi ya wazee wetu uyapitie kwa niaba yangu. Justa anakuamkia, shikamoo baba. Mjukuu anasema anawaletea samaki.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, ambaye bado anakuita kaka mpaka utakapomkataza,

Rebeka, mama Venant