Lulu Kwenye Kucha za Joka

Jumatatu, 4 Februari 2019
Baridi kavu Kyoto nzima. Tumeanza filamu ya mwongozaji wetu, Bi Mibu. Polisi na magenge ya miaka ya sabini: kola pana, miwani myeusi, sigara kila kona. Nimefika studio saa nane mchana, kila mtu akaniamkia kwa salamu ya asubuhi, kama kawaida yetu watu wa filamu, hata iwe saa ngapi. Kazi yangu ya vipodozi safari hii ni kuupaka rangi mwili wa Hatakeda. Tatuu ya joka, kutoka kiunoni, juu ya bega la kushoto, hadi kifuani.

Hatakeda ana miaka sabini na sita. Ujana wake wote na uzee wake umepita katika studio hii, na kila filamu yeye ni kijambazi wa kuuawa mapema. Safari hii ni bosi wa genge. Jina lake liko juu kabisa kwenye bango! Sakaki, kijana wa televisheni, ni mpelelezi: katika hadithi, rafiki yake wa zamani anayemsaka.

Leo Sakaki ameambiwa afunge mkanda ndani ya gari, la sivyo watazamaji watalalamika. Hatakeda akasema zamani walifukuzana milango ikiwa wazi. Sasa hata jambazi anatoroka kwa kufuata sheria za barabarani. Tumecheka. Yeye kacheka mpaka kakohoa, na kikohozi hakikuisha upesi.

Jumatano, 6 Februari
Jaribio la rangi. Hatakeda kalala kifudifudi kwenye godoro karibu na hita. Amekonda. Mgongo umeenda vizuri – magamba, mawingu, moto. Nilipomgeuza nipake kifua, nikakiona. Uvimbe mdogo chini ya mfupa wa bega la kulia, ngozi imetuna juu yake. Kidude cha kuingizia dawa za saratani.

Marehemu mke wangu, Fumiko, alikuwa nacho mahali pale pale. Sikuhitaji kuuliza. Hata hivyo nimeuliza.

Mapafu, kasema. Tangu kiangazi. Kampuni haijui. Ikijua, watu wa bima watamtoa na nafasi apewe mwingine.

"Mzee, hii si kazi ya mgonjwa," nikamwambia.

"Kuri, mdogo wangu. Miaka yote hiyo nauawa kabla mtazamaji hajamaliza kutafuna kitafunwa chake cha ngisi mkavu. Niache mara moja nife mwishoni."

Nimerefusha mkono wa joka mpaka bega la kulia, na uvimbe nikaufanya lulu iliyoshikwa kwenye kucha. Nyeupe, kivuli cha buluu chini yake. Ukitazama huwezi kujua. Ni kazi nzuri – pengine nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Alhamisi, 7 Februari
Balaa. Bi Mibu ameiona lulu.

Kaizunguka, kainama, kauliza nimefanyaje hata inaonekana kama inatoka ndani ya nyama. Nikasema vivuli tu. Kasema baba yake alikuwa akimpeleka kuona filamu hizi akiwa mdogo, na hajawahi kuona tatuu iliyo hai namna hii. Papo hapo kabadilisha kifo cha bosi. Ilikuwa afe chini ya paa la duka la samaki, shati mwilini. Sasa atavua shati sokoni, mvuani, kamera iwe karibu na lulu.

Mvua ya kumwagwa kwa mabomba ya maji. Februari!

Hatakeda alikuwa amesimama pale pale. Kainama kwa heshima na kumshukuru mwongozaji.

Jumamosi, 9 Februari
Nimemwendea Bi Mibu, bila kutaja ugonjwa. Nikasema baridi ni kali kwa mtu wa umri ule. Kanijibu vizuri: ataweka hita, mablanketi, chai ya tangawizi. Akaongeza kwamba mzee mwenyewe ndiye aliyeomba wapige picha bila kukatiza.

Nilimfuata Hatakeda kwenye kibanda cha tambi. Hajala, ananusa mvuke tu. Nikamweleza Fumiko alivyokwisha. Saratani ilikuwa inarudi nyuma. Kilichomuua ni mafua. Dawa zilikuwa zimemaliza kinga ya mwili, na homa ikamchukua kabla ya wiki kuisha.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama Fumiko alikuwa na jambo alilotaka kulifanya. Nikasema alitaka kwenda kuona theluji kwao Akita, mimi nikamkatalia, nikamfungia ndani karibu na hita.

"Na bado akapata mafua," kasema. Si kwa ubaya. Kanimiminia kikombe cha pombe ya sake.

Jumanne, 12 Februari
Sokoni. Naandika ndani ya gari la vipodozi. Gari la maji limefika, barabara imeshalowa. Sakaki anatetemeka ndani ya koti la mpelelezi, naye ni kijana. Wenye maduka wametupatia mtaa leo tu, kesho wanafungua. Wasaidizi wamelificha shada la maua nyuma ya taa – la kumpa mzee akimaliza, kama ilivyo desturi.

Bi Mibu kamtuma msaidizi kuuliza: je, rangi imekauka? Itastahimili maji? Kasema hapigi picha mpaka mimi niseme. Nikisema haitastahimili, watarudi chini ya paa, shati mwilini.

Rangi imekauka tangu asubuhi. Inaweza kukaa siku tatu, hata ikilowa.

Nimemwambia bado kidogo.

Kaja tena. Mwanga unapungua, kasema, Bi Mibu anaomba jibu, ndiyo au hapana. Nimesema bado kidogo. Sauti yangu mwenyewe nimeisikia kama ya mtu mwingine.

Nimechungulia dirishani. Hatakeda ametoka kwenye hita, hajasubiri mtu. Anavua koti, anampa Sakaki alishike. Anavua shati. Lulu inang'aa kutoka hapa. Ameligeukia gari langu, anangoja niseme ndiyo, mikono ameiachia ubavuni.

Msaidizi anagonga.