Pembe Iliyonyooshwa

Muncie, Indiana
3 Machi 1974

Mdogo wangu Ardith,

Natumaini mu wazima, wewe, mumeo Leland na watoto. Mimi na mke wangu hatujambo, ila theluji bado haijatutoka uani.

Mfululizo wa vibao vya namba za magari aliouanzisha Baba umebakiza mwaka mmoja tu, 1923. Hobart Stahl anacho, naye atakileta kwenye mkutano wa wakusanyaji mwezi ujao. Ameniambia nisimpelekee bati la kuezekea banda la kuku. Natafuta cha kubadilishana naye.

Kaka yako,
Verlin

Omaha, Nebraska
11 Machi 1974

Kaka Verlin,

Pokea salamu zetu. Kikohozi cha Leland kimepungua.

Miongoni mwa vibao vya Baba vilivyo ghalani kwako kimo cha gari la Mama, cha mwaka 1951, chenye pembe iliyopinda siku alipogonga lango la kanisa, akashuka na kumlaumu mchungaji kwa kuliweka njiani. Nakiomba hicho. Sina kitu chake kingine kinachonichekesha. Usikisugue wala usikinyooshe, nakujua.

Mdogo wako,
Ardith

Omaha
20 Mei 1974

Kaka,

Hujambo? Kimya chako kinanitia wasiwasi. Kama kibao kimepotea, sema tu.

Mdogo wako,
Ardith

Muncie
2 Juni 1974

Ardith,

Siumwi. Ni aibu.

Barua yako ilipofika, pembe ilikuwa bado imepinda. Niliisoma mara mbili, nikaitia mtotoni mwa meza, nikachukua nyundo. Nilijiambia kwamba vibao vya mwaka ule vilitolewa kwa maelfu, ningekutafutia kingine. Nikakinyoosha, nikakwangua kutu, nikakipaka rangi mpya.

Kwetu wakusanyaji, aliyepaka rangi husema kabla ya kupeana mikono. Stahl alitaka cha 1951 kisicho na doa, nami nilipompa changu mkutanoni, sikusema. Yeye alikipeleka dirishani akakagua matundu ya skrubu. Kibao kilichotumika huachiwa na skrubu alama ya mviringo kuzunguka tundu. Changu hakikuwa nayo.

"Hiki hakijawahi kupanda gari, Verlin," aliniambia taratibu, mbele ya watu wote, akakichukua tena kibao chake cha 1923.

Nilitaka kumjibu kwamba kilipanda gari la mama yangu. Lakini ushahidi nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu.

Nakituma kama kilivyo. Tafadhali usinijibu kwa upole.

Kaka yako,
Verlin

Omaha
15 Juni 1974

Verlin,

Sisi wazima. Kifurushi kimefika.

Watoto wamekigusa, wakaniuliza nimekinunua duka gani. Nilijaribu kuwasimulia habari za lango, hawakucheka. Siku ile mimi nilikuwa shuleni. Wewe ndiwe uliyeketi kando ya Mama.

Upole hutaupata. Njoo kwetu Novemba, Siku ya Shukrani. Nitakiweka mezani mbele yako, nawe utawaeleza watoto jinsi bibi yao alivyokipinda, kisha jinsi wewe ulivyokinyoosha. Yote mawili, kwa kinywa chako.

Mdogo wako,
Ardith