Baba Asiye na Meza

Yaya Faida, dada yangu mkubwa,

Huku Bugarama joto linatupika pamoja na mpunga, lakini mdogo wako bado mnene. Jana batoto bangu ba shule ya Jumapili walicheza hadithi ya mwana mpotevu uwanjani. Mimi nikawa mwana. Uwera, msichana wa miaka minane aliyerudi juzi kutoka kambi za wakimbizi za Kongo, akawa baba.

Nikaja nachechemea, nangoja kukumbatiwa. Uwera akavuta meza, akaketi nyuma yake.

"Karatasi yako iko wapi? Ingia mulongo."

Wenzake waliotoka naye kambini wakajipanga nyuma yangu bila kucheka, maana wao waliporudi nyumbani ndivyo walivyopokelewa.

Nikamwambia, "Baba huyu hana meza. Alimuona mtoto wake mbali, akakimbia kumushika."

Akafikiri. "Bila kumuuliza kitu?"

"Bila."

Akaipiga meza teke, akanirukia shingoni, tukaanguka wote topeni.

Papa na Maman uwasalimie sana. Na kile kitenge chako kipya, ulichokitafuta nyumba nzima siku nilipoondoka, ndicho nilichokuwa nimevaa jana tulipoanguka topeni. Nikifika Bukavu, Yaya, nakuomba usikae nyuma ya meza.

Mpotevu wako,
Nsimire